Shimo jeusi lililopatikana na Uhuru, na mwanahesabu ambaye Dallas hawakumsikiliza

Leo naomba tuweke pembeni siasa na usajili wa Ligi Kuu. Najua hapa Singida ukitaja nyota nyeusi kila mtu akili inakimbilia kwenye timu yetu ya Singida Black Stars, lakini mimi nataka kuzungumzia nyota zenyewe, zile zilizokufa zikageuka kuwa mashimo meusi. Na nataka kumzungumzia mzee mmoja wa New Zealand anaitwa Roy Kerr, ambaye alizipigia hesabu kabla hajatokea mtu wa kusema kwa uhakika kwamba ameliona hata moja.

Kwa nini mtu wa New Zealand kwenye blogu yetu? Kwa sababu shimo jeusi la kwanza ambalo wanasayansi walilikubali lilifuatiliwa na chombo kilichorushwa kutoka pwani ya Waswahili, kikiwa na jina la Kiswahili. Mimi nimesoma PCM mpaka kidato cha sita na sikuwahi kusikia mwalimu hata mmoja akilitaja hili. Kama uko kafe na dakika zako zinakwenda, soma tu, hutajuta.

Tuanze na shimo lenyewe. Anayesafiri kwenda Igunga anajua lori lenye mzigo linavyoupanda mlima Sekenke: gia ya chini, moshi mweusi, utingo yuko nje na jiwe lake la kuweka nyuma ya tairi. Kuondoka duniani ni kupanda mlima wa namna hiyo. Roketi ikitaka kuondoka isirudi lazima ipate mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde. Sasa chukulia una uwezo wa kuikandamiza Dunia yote iwe ndogo, bila kupunguza hata kilo moja ya uzito wake. Kadiri inavyosinyaa, mlima unazidi kuwa mkali. Ikifika ukubwa wa gololi, nusu kipenyo milimita 9 hivi, mwendo unaohitajika kutoka unafikia kilomita 300,000 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mwanga, na hakuna kitu kinachokwenda kasi kuliko mwanga. Basi hapo hata mwanga unakwama mlimani, na sisi tulio nje tunabaki kuangalia weusi. Mpaka ule ambao ukishauvuka hurudi, wataalamu wanauita upeo.

Jua letu likikandamizwa hivyo hivyo linabaki na nusu kipenyo cha kilomita 3. Yaani lingeingia ndani ya Manispaa ya Singida na nafasi ikabaki. Halafu kuna uongo mmoja wa filamu naomba tuuache leo leo: shimo jeusi halizunguki angani likifyonza kila kitu. Jua likigeuka shimo jeusi saa hii, Dunia ingeendelea kulizunguka vile vile kwa siku 365. Tungekufa kwa baridi na giza, sawa, ila tusingemezwa.

Sasa hesabu. Usikimbie, ni Pythagoras tu.

Kidato cha pili tulifundishwa kwamba kwenye pembetatu yenye pembe mraba, mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya pande mbili zilizobaki. Hiyo ni kanuni ya kupimia umbali, na inafanya kazi mahali palipo bapa, kama ubao au meza. Nenda pale Ziwa Singida kwenye yale majabali makubwa, uangalie sisimizi wawili wanaoanza kupanda jabali moja wakiwa sambamba, kila mmoja akinyoosha njia yake. Wakifika juu mgongoni unakuta wamesogeleana. Hakuna aliyewavuta. Umbo la jiwe ndilo limewakutanisha. Kwenye mgongo ule Pythagoras wa ubaoni hatoshi, anahitaji marekebisho, na marekebisho yanabadilika kutoka sehemu moja ya jiwe hadi nyingine.

Mwaka 1915 Albert Einstein alisema uvutano wote ndiyo habari hiyo. Uzito unapinda anga na wakati kwa pamoja, na vitu vinapita njia iliyonyooka kadiri inavyowezekana ndani ya umbo hilo lililopinda. Kwa hiyo kanuni ya umbali inakuwa na vipimo vinne: vitatu vya mahali na kimoja cha wakati, na hicho cha wakati kinaingia na alama ya kutoa. Ukinipa kanuni hiyo na marekebisho yake kila mahali, umenipa kila kitu kuhusu uvutano wa hapo. Ndiyo maana mashimo meusi yakawa shamba la wanahesabu wa jiometri hata kabla ya watu wa darubini.

Tatizo ni kuipata hiyo kanuni. Milinganyo ya Einstein iko kumi, na imefungamana kama nyavu iliyovurugika, ukivuta uzi huku kule unakaza. Mjerumani Karl Schwarzschild aliipatia jibu moja mapema sana akiwa jeshini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akalichapisha 1916, na mwaka huo huo akafariki. Lakini jibu lake ni la kitu cha mviringo kilichotulia tuli, hakizunguki. Na wewe niambie, ni kitu gani huko juu hakizunguki? Dunia inazunguka, Jua linazunguka, nyota zote zinazunguka. Nyota inayozunguka ikiporomoka inazunguka kwa kasi zaidi, kama mchezaji anayejizungusha halafu akakunja mikono kifuani. Kwa hiyo jibu la Schwarzschild lilikuwa zuri darasani, ila ulimwengu wenyewe ulikuwa unasubiri jibu la kitu kinachozunguka. Ulisubiri miaka 47.

Roy Kerr alizaliwa mwaka 1934 Kurow, mji mdogo wa mashambani kwenye kisiwa cha kusini cha New Zealand. Sekondari alisoma St Andrew's College mjini Christchurch, na hapa ndugu zangu wa shule za kata mtege sikio: wakati huo pale shuleni hapakuwa na mwalimu wa hesabu. Hata hivyo mwaka 1951 alipoingia Chuo cha Canterbury aliruka moja kwa moja hadi mwaka wa tatu wa hesabu. Kanuni za chuo zikamzuia kuhitimu mapema, akakaa akisubiri hadi 1954, na 1955 akaenda Cambridge kwa ajili ya shahada ya uzamivu. Sisemi kwamba kukosa mwalimu ni jambo la kujivunia. Kwa mmoja aliyetoboa bila mwalimu kuna wengi walioishia njiani, na hao hatuwaandikii makala.

Kutoka Cambridge akapita Syracuse huko Marekani, akafanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha jeshi la anga la Marekani, kisha 1962 akatua Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Huko alikuwepo Alfred Schild aliyekuwa anakusanya vijana wa mambo ya uvutano. Wengi walikuwa wanatafuta jibu la kitu kinachozunguka na wengi walishachoka. Kundi la Ezra Newman na wenzake lilikuwa limetoa andiko ambalo lilionekana kama linaufunga mlango kabisa, kwamba majibu ya aina aliyokuwa anayatafuta Kerr hayapo. Kerr alipolipata hakulisoma kwa mpangilio kuanzia juu. Aliruka ruka kurasa akitafuta hoja inasimamia wapi, akagundua mlinganyo mmoja una kosa. Mlango ulikuwa haujafungwa. Akaingia.

Alipopata jibu hakuwa na hakika kama linaelezea kitu kinachozunguka kweli. Anasimulia mwenyewe kwamba siku hiyo Schild alikaa ofisini kwake kwenye kiti akivuta kiko, yeye Kerr akivuta sigara mezani anakokotoa, na baada ya muda akamgeukia na kumwambia kwamba kinazunguka. Eti Schild alifurahi kuliko yeye mwenyewe.

Andiko lilitoka Septemba 1963. Kurasa mbili hazijai. Jibu lililosubiriwa miaka 47 lingeweza kukaa kwenye karatasi moja ya A4, mbele na nyuma.

Ndani yake kuna nini? Turudi kwa Pythagoras wetu. Kwenye kanuni ya Schwarzschild wakati una kipande chake peke yake, na kuzunguka kuna kipande chake peke yake. Kwenye kanuni ya Kerr kunatokea kipande kipya kinachouchanganya wakati na pembe ya kuzunguka. Kinaonekana kidogo, lakini ndicho kilicholeta kasheshe. Maana yake ni kwamba pale karibu na shimo, wakati kupita tu kunakuzungusha. Hata ukizima injini, hata ukijaribu kurudi nyuma.

Chukua ndoo ya asali ya Itigi, ile nzito, uzungushe mwiko katikati. Asali iliyo karibu na mwiko inaburuzwa kuzunguka, ya pembeni inasogea kidogo, ya ukingoni iko palepale. Shimo jeusi linalozunguka linaiburuza anga yenyewe namna hiyo. Na kuna eneo nje kidogo ya upeo ambako mburuzo ni mkali kiasi kwamba hakuna chombo kinachoweza kusimama tuli, hata kiwe na injini ya namna gani. Ila kwa kuwa eneo hilo liko nje ya upeo, unaweza kuingia na ukatoka. Roger Penrose wa Uingereza alionyesha mwaka 1969 kwamba ukitupa kitu humo kikagawanyika vipande viwili kwa namna inayofaa, kipande kimoja kinaweza kutoka na nguvu nyingi kuliko ile iliyoingia nayo. Tofauti inalipwa na mzunguko wa shimo. Kwa shimo linalozunguka kwa kasi ya juu kabisa, hadi asilimia 29 ya nguvu iliyo kwenye uzito wake inaweza kuchotwa. Jua letu linapounguza haidrojeni linapata asilimia 0.7 tu. Mambo ya kutisha.

Sasa sikia yaliyompata. Desemba 1963 ulifanyika mkutano mkubwa Dallas, Texas, kujadili kwazari, vile vitu vya mbali sana vyenye mng'aro wa kupindukia ambavyo vilikuwa vimegunduliwa mwaka huo huo na hakuna aliyejua vinapata wapi nguvu. Kerr akapewa dakika kumi. Watu wa darubini wakaona huyu kijana anawaletea hesabu tu, wengine wakatoka nje, wengine wakapiga stori, wengine wakasinzia. Mzee mmoja Mgiriki, mtaalamu wa uvutano Achilles Papapetrou, alisimama akawafokea kwamba yeye na wenzake wameitafuta hesabu hii kwa miaka na miaka. Haikusaidia sana. Na kichekesho ni kwamba leo tunajua kwazari zinapata nguvu kutoka kwa mashimo meusi makubwa yanayozunguka. Jibu la kilichowakusanya Dallas lilikuwa limesimama mbele yao kwa dakika kumi.

Shika hiyo tarehe, Desemba 1963. Siku chache kabla ya mkutano ule, tarehe 12, bendera ya Kenya ilipandishwa Nairobi kwa mara ya kwanza. Miaka saba kamili baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, ndipo hadithi hizi mbili zikakutana baharini.

Ukitoka Malindi kwenda kaskazini kuna sehemu inaitwa Ngomeni. Waitaliano walikuwa wamejenga huko jukwaa la kurushia roketi baharini, miguu yake ya chuma imesimama sakafuni mwa bahari, wakaliita San Marco. Kwa nini huku kwetu? Kwa sababu ni karibu na mstari wa ikweta. Dunia inazunguka, na mtu aliyeko ikweta anasukumwa kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa bila kulipa nauli, kwa hiyo roketi inapata msukumo wa bure. Isitoshe, ukirusha kutoka hapo unaweza kuweka chombo kwenye njia inayofuata ikweta, ambako kinakwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo.

Siku hiyo Wamarekani walirusha kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama anga kwa eksirei. Eksirei za kutoka angani hazifiki chini, hewa yetu inazizuia zote (na tushukuru), hivyo lazima upande juu ya hewa. Aliyesimamia mradi huo NASA alikuwa mama mmoja mhandisi, Marjorie Townsend. Kwa heshima ya watu wa Kenya waliowapokea, na kwa kuwa ilikuwa siku yao ya uhuru, akaibatiza setilaiti hiyo Uhuru. Tanganyika tuliadhimisha tarehe 9. Tumekosa utani wa jirani kwa siku tatu tu.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973 na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Lakini kilichobadilisha mambo ni kimoja, Cygnus X-1. Kilikuwa kinajulikana tangu 1964 kwamba kipo. Uhuru ikaonyesha kwamba eksirei zake zinapepesuka haraka sana, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Hapa kuna mantiki tamu ambayo haihitaji mlinganyo wowote. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja haraka kuliko muda ambao mwanga unachukua kukivuka, kwa sababu upande mmoja hauwezi kujua mapema kinachotokea upande wa pili. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu kinachopepesuka ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde hakiwezi kuzidi kilomita 30,000 kwa upana. Jua lina upana wa kilomita milioni 1.4. Kwa hiyo hiki ni kidogo mno kuwa nyota ya kawaida.

Mwaka 1971 darubini za redio zikasaidia kuonyesha mahali pake hasa, na hapo ikaonekana nyota kubwa ya buluu. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, wakagundua nyota hiyo inayumba, inazunguka na mwenzake asiyeonekana kila baada ya siku 5.6. Ukijua nyota inayumba kiasi gani unaweza kukadiria uzito wa anayeiyumbisha. Ulikuwa mkubwa mno kwa nyota ya nyutroni. Kilichobaki ni shimo jeusi. Gesi inachotwa kutoka kwenye nyota ile, inazunguka shimo kama maji kwenye tundu la beseni, inasuguana hadi kufikia mamilioni ya nyuzi joto, na inatoa eksirei kabla haijapotea.

Stephen Hawking aliweka dau na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakubali kwamba ameliwa.

Vipimo vilivyochapishwa 2021 vinasema lina uzito wa Jua mara 21 na liko umbali wa miaka ya nuru kama 7,200. Lingekuwa limetulia tuli, upeo wake ungekuwa na nusu kipenyo cha kilomita 62, upana kilomita 124. Hiyo ni kama safari ya kutoka Singida mjini hadi Manyoni. Lakini halijatulia. Linazunguka karibu na kasi ya juu kabisa ambayo kanuni ya Kerr inaruhusu, na kanuni hiyo hiyo inasema kadiri shimo linavyozunguka kwa kasi, upeo wake unasinyaa, hadi kukaribia nusu. Kwa hiyo basi lako lingeingia kabla hujafika Manyoni, katikati ya safari huko. Hesabu iliyodharauliwa Dallas ndiyo inayotumika kulipima shimo lililopatikana na Uhuru.

Na si hilo tu. Kati ya 1967 na 1975 wanahesabu Werner Israel (huyu alikulia Cape Town), Brandon Carter na David Robinson, pamoja na wengine, walithibitisha jambo la ajabu: shimo jeusi likishatulia, jibu la Kerr ndilo jibu pekee. Nyota iwe ilitengenezwa na nini, iporomoke vipi, mwisho wake inabaki namba mbili, uzito na mzunguko (kuna chaji ya umeme pia, lakini angani hiyo huwa karibu na sifuri). Wanafizikia wana utani kwamba shimo jeusi halina nywele za kukutambulisha nalo. Mimi sijui kitu kingine chochote kikubwa duniani au mbinguni kinachoelezeka kwa namba mbili. Hata kuku wa kienyeji wa Singida anahitaji zaidi ya hapo.

Hili limepimwa. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO huko Marekani ilinasa mtetemo wa mashimo mawili yaliyogongana, moja lenye uzito wa Jua mara 36 na jingine 29, yakawa moja la 62. Jua tatu nzima ziligeuka mawimbi. Shimo jipya hulia kama kengele iliyogongwa, na sauti ya kengele inakuambia umbo lake. Mgongano mwingine ulionaswa tarehe 14 Januari 2025, na kuchapishwa Septemba mwaka huo, ulisikika kwa uwazi zaidi, na sauti zake zikalingana na kanuni ya Kerr. Picha za mashimo mawili, la M87 iliyotolewa Aprili 2019 na la katikati ya kundi letu la nyota iliyotolewa Mei 2022, nazo zinasomwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Kerr mwenyewe alirudi kwao 1971, akawa profesa wa hesabu Canterbury kwa miaka 22 hadi alipostaafu 1993. Ni mcheza karata za briji wa kiwango cha timu ya taifa. Tuzo ya Crafoord ya Sweden alipata 2016. Nobel hajapewa, nusu ya Nobel ya fizikia ya 2020 alipewa Penrose kwa hesabu zake za 1965. Na hapa ndipo mzee alipowasha moto. Kwa miaka hamsini na zaidi vitabu vimesema Penrose alithibitisha kwamba ndani ya kila shimo jeusi kuna singulariti, mahali ambapo uzito unabanwa hadi hesabu zinavunjika. Desemba 2023, akiwa na miaka 89, Kerr akatoa andiko linalosema hapana. Kilichothibitishwa, anasema, ni kwamba baadhi ya njia za mwanga humo ndani zina kipimo chenye mwisho. Na kipimo kuisha hakumaanishi kwamba kuna kitu kimevunjika. Akaonyesha mifano ndani ya kanuni yake mwenyewe. Wapo wataalamu wasiokubaliana naye, na mabishano hayajaisha. Mimi binafsi sina ubavu wa kuamua, lakini napenda kuona mzee wa miaka 89 anabishana kwa hesabu na si kwa cheo.

Mdau mmoja aliwahi kuuliza kwenye maoni, haya mambo yanamsaidia nini mkulima wa alizeti wa Iramba? Jibu la kweli: shimo jeusi halimsaidii kitu. Ila jiometri ile ile ya anga na wakati imo kwenye simu yake. Saa za setilaiti za GPS zinakwenda mbele ya saa za huku chini kwa sehemu 38 kati ya milioni moja za sekunde kila siku, na zisiporekebishwa kwa hesabu za Einstein ramani inapotea kwa zaidi ya kilomita kumi kwa siku. Basi lililobeba mafuta yake kwenda Dar nalo linafuatiliwa mwendo kwa setilaiti hizo hizo.

Swali langu mimi ni jingine, na linaniuma. Jina lilikuwa letu, bahari ilikuwa yetu, ikweta ni yetu. Waliokaa mezani na vipimo vya Uhuru walikuwa Marekani, Uingereza na Kanada. Miaka zaidi ya hamsini imepita. Mradi mkubwa wa darubini za redio wa SKA unaojengwa Afrika Kusini na Australia una nchi washirika nane za Afrika nje ya Afrika Kusini. Kenya imo, Msumbiji imo, Zambia imo. Tanzania haimo. Hatujapakana na nchi hizo tatu kwa bahati mbaya jamani, tumezungukwa! Kigali kuna taasisi ya utafiti wa fizikia ya Afrika Mashariki tangu 2018, inapokea wanafunzi wa uzamili kutoka nchi zetu. Kijana wa PCM au PGM anayesoma hapa, andika jina hilo: EAIFR. Na lile andiko la Kerr la 2023 liko bure kwenye tovuti ya arXiv, hulipi hata senti zaidi ya dakika zako za kafe. Hesabu zake ni ngumu, sikudanganyi, ila kurasa za mwanzo zinasomeka kwa Kiingereza cha kawaida.

Kwa anayetaka kuangalia: hapa kwetu Agosti na Septemba anga ni safi, mvua hakuna. Katikati ya Agosti kwenye saa nne usiku, au katikati ya Septemba kwenye saa mbili, toka nje ya mji kidogo ugeukie kaskazini. Utaona nyota mbili kali, Vega kushoto na Deneb chini kidogo kulia. Cygnus X-1 iko juu ya mstari unaoziunganisha, karibu zaidi na Deneb, kwenye kimo cha zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Shimo hulioni, hakuna anayeliona kwa macho, na nyota yake ya buluu inahitaji darubini ndogo. Mwenye darubini ya kuazima hapa mjini aache ujumbe kwenye maoni, mafuta ya pikipiki nachangia.